Mama wa Kwenye Ndege

Wiki iliyopita gesi iliniishia mchuzi ukiwa bado haujachemka. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, uchovu ule unaoanzia kwenye visigino, na sikuwa na nguvu ya kushuka tena hadi dukani. Jirani yangu akaniazima jiko lake la mafuta ya taa, lile la tambi tulilokuwa tukiliita jiko la Mchina. Miaka mingi sikuwa nimewasha jiko la namna ile. Nilipomaliza kupika nikalizima, na ule moshi wake wa mwisho, mweupe, wa kukaba koo, ukanijia usoni. Nikakaa chini palepale kwenye kigoda. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimechoka tu. Lakini akili haikuwa Kawe jikoni kwangu. Nilikuwa nimesimama kwenye roshani ya uwanja wa ndege, nimevaa sare ya shule, nimeshika bomba la chuma lililochomwa na jua, na ndege mbele yangu inanuka kama jiko la kwetu.

Tulikuwa tunakaa Vingunguti, mimi na mama mdogo, chumba kimoja na kibaraza, si mbali na machinjio. Watu wasiowahi kuishi kule hudhani tabu yetu ilikuwa harufu. Harufu unaizoea, baada ya muda huisikii mpaka mgeni aje azibe pua. Ndege ndizo zilizokuwa hazizoeleki. Zikienda kutua zilipita juu ya mabati yetu, chini kiasi kwamba tuliyaona matairi yameshatolewa. Kikombe kinatetemeka kwenye sahani. Mtu anayeongea anabaki mdomo wazi, anasubiri kelele ipite amalizie neno lake.

Mama yangu aliondoka nikiwa sijaanza shule. Ninachokumbuka ni baibui jipya linalonukia duka, begi la kuazima lenye gurudumu moja bovu, na mikono ya mama mdogo imenikamata kiunoni nisimkimbilie. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Hilo nalijua sasa. Wakati ule niliambiwa mambo mawili tu: amekwenda kazini, na amepanda ndege.

Nililia sana. Mama mdogo, Salma, alikuwa bado msichana, ameletwa kutoka Masasi kuja kumsaidia dada yake, na kabla hajaujua mji vizuri akaachiwa mtoto wa kulea. Alikuwa anaamka na adhana ya alfajiri kwenda kuchemsha supu ya utumbo kwa ajili ya wachinjaji na wapakuzi wa nyama. Anarudi mchana ananuka ndimu na moshi, anajitupa mkekani. Na mie hapo ndipo nilipokuwa nafungulia kilio changu. Siku moja ndege ikapita juu, naye bila kufumbua macho vizuri akanyoosha kidole darini.

"Si huyo mama yako anapita? Toka nje umpungie."

Nikatoka mbio, nikapunga. Ndege ikateremka nyuma ya mabati ya watu, kelele ikaisha, na kilio kikaisha. Mama mdogo akapata usingizi wake. Kesho yake akasema tena, na keshokutwa, na baada ya hapo hakuhitaji kusema, kwa sababu nilikuwa nasikia ndege mapema kuliko mtu yeyote mtaani na nimeshatoka uani na kanga mkononi.

Mtoto ukimpa neno moja anajengea nyumba nzima. Mie nilielewa kwamba mama anafanya kazi ndani ya ndege. Si kwamba alipanda ikampeleka mahali. Yumo humo, anafagia, anapika, anafua mashuka ya abiria, na ndege inampitisha juu yetu asubuhi na jioni. Sababu ya kutoshuka nilijitafutia mwenyewe: rubani hamruhusu mpaka abiria wote waishe, na abiria hawaishi. Mvua ikinyesha nilikuwa namwonea huruma. Ndege ikichelewa nilikuwa siwezi kula. Na nilimsikitikia zaidi kwa kuwa niliona anashushwa karibu kabisa na nyumbani, pale nyuma ya mabati, halafu anapandishwa tena kabla hajafika mlangoni.

Shuleni siri hiyo nilimwambia mtu mmoja, Zuhura, niliyekaa naye dawati moja. Nyie mliosoma shule za serikali za mji huu mnajua dawati lilivyokuwa: la watu wawili, mmekaa wanne, na wengine wako sakafuni wanaandikia mapajani. Zuhura alikuwa mtoto wa muuza mkaa, mwenye mdomo.

"Mbona haangushi hata pipi?" aliniuliza.

"Madirisha ya ndege hayafunguki."

"Atapumuaje?"

Usiku huo nilimsumbua sana mama mdogo kuhusu hewa, mpaka akaniambia nilale, kwenye ndege wana feni.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliitwa Mwalimu Leokadia. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama wimbo, sisi watoto wa Pwani na wa Kusini tukawa tunamwigiza kwenye foleni ya maji. Alikuwa anafundisha ameegemea ukuta karibu na dirisha. Siku hizi nikisimama muda mrefu kazini najua kwa nini. Tulikuwa wengi kupita kiasi, sauti yake ikifika mchana imekauka, na vumbi la chaki limekaa kwenye nyusi. Hata hivyo hakuwa mwalimu wa kuandika ubaoni na kuondoka. Stadi za kazi alituletea udongo wa mfinyanzi kwenye ndoo, tukafinyanga vyungu na ng'ombe. Hesabu za kujumlisha tulifanyia vizibo vya soda. Akifundisha dira alitupanga uwanjani, mashariki waimbe, magharibi wapige makofi, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Tulipofika mada ya usafiri akatupa kazi ya nyumbani: kila mtu aandike sentensi tano kuhusu kazi ya mzazi au mlezi wake. Nilikaa kibarazani, mama mdogo ananikwangulia penseli kwa wembe.

"Unaandika nini?" akaniuliza.

"Kazi ya mama."

Akapuliza unga wa penseli. "Andika kazi yangu basi. Andika supu."

"Mwalimu kasema mzazi."

"Au mlezi. Hajasema au mlezi?"

Alikuwa amesema. Lakini nani angeacha ndege akaandika utumbo? Niliandika hivi, na nakumbuka kwa sababu baadaye nilizisikia zikisomwa kwa sauti: Mama yangu anafanya kazi kwenye ndege. Anapita juu ya nyumba yetu kila siku. Mimi humpungia mkono. Yeye hachoki. Akimaliza kazi atashuka.

Mama mdogo hakuziona. Alikuwa ameshasinzia na wembe mkononi, nikautoa polepole.

Mwalimu Leokadia alizisoma mbele ya darasa. Alidhani mama yangu ni mmoja wa wale akina dada wanaovaa skafu shingoni na kugawa vinywaji. "Kumbe tuna mwenzetu wa mambo ya ndege," akasema, na akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Darasa zima likageuka kunitazama, mpaka wale wa sakafuni waliinuka. Wiki ile ile akatangaza kwamba tutakwenda uwanja wa ndege. Basi la kukodi halikupatikana, na kwa kuwa si mbali sana tutakwenda kwa miguu, wawili wawili, kila mtu na chupa yake ya maji na chochote cha kutafuna.

"Mama yake Mwanaidi atatutembeza!" Zuhura akapiga kelele.

Sikukanusha. Wala sikuona cha kukanusha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo kwamba nakwenda kumwona mama. Alikuwa anakosha sufuria. Maji yalimwagika miguuni kwake, akaniangalia muda mrefu, halafu akasema, "Uwanja wa ndege ni mkubwa, mwanangu. Hutamwona." Mie nikamjibu kwamba ninamjua anavyotembea. Ni kweli nilikuwa nalijua hilo peke yake, sura ilikuwa imeshaanza kufutika. Mama alikuwa anatembea ameinamia upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo, hata akiwa mikono mitupu.

Asubuhi ya safari nilijipaka mafuta mpaka nikang'aa. Nilibeba muhogo wa kukaanga, kipande kimoja changu na kimoja cha mama, nimevifunga kwenye gazeti. Mwalimu alinipanga mbele kabisa, mkono wangu ndani ya mkono wake, kwa heshima ya zile sentensi zangu. Nyuma alifunga mwalimu mwingine mwenye fimbo. Tulikwenda kando ya barabara ya Pugu, malori yanatupulizia vumbi, mstari unavutika na kukatika, huyu kiatu kimemvuka, yule anataka kujisaidia, yule maji yameshaisha na hata nusu ya njia hatujafika. Wakati fulani tukaimba, baadaye tukaacha kuimba. Jua la Dar mnalijua. Mwalimu alikuwa amevaa viatu vya mchuchumio vya sikukuu, nadhani kwa ajili ya watu wa uwanja wa ndege, na nikawa nasikia kwenye mkono wake jinsi alivyokuwa anajikaza kila akikanyaga.

Getini mlinzi akasema hana taarifa yetu. Mwalimu akaeleza, akaeleza tena. Tukakalishwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, tukakaa hapo mpaka kivuli nacho kikatukimbia. Mwishowe akaja mzee mmoja wa uwanjani mwenye funguo nyingi kiunoni, akatuangalia tulivyokaa na midomo mikavu, akamwambia mlinzi, "Watoto hawa wametembea. Wapandishe juu waone, wateremke waende zao."

Juu palikuwa na roshani ambapo watu walikuwa wanasimama kuwapungia wasafiri. Tukajipanga kwenye bomba la chuma, wafupi mbele. Na hapo ndipo upepo ulipoleta ile harufu. Nilidhani kuna mtu anapika. Kumbe ni ndege, ilikuwa imetua punde, imesimama chini yetu, kubwa kuliko shule, hewa juu ya mabawa inatetemeka kwa joto, na inanuka mafuta ya taa. Nilifurahi siwezi kueleza. Nilijua sasa kwamba mama humo ndani ana jiko kama letu.

Ngazi ikaletwa. Abiria wakashuka, Wazungu, Wahindi, wanaume wenye kanzu, wanawake wenye watoto wamelala begani. Zuhura akawa ananichokonoa ubavuni kila anapotokea mwanamke. "Huyo? Huyo je?" Mie nikawa natikisa kichwa. Wakaisha. Nikajisogeza zaidi kwenye bomba kwa sababu abiria wameisha, na nilikuwa nimeamini kwamba hawaishi.

Kisha wakatokea wanawake wenye ovaroli za bluu, wamebeba fagio na mifuko mikubwa ya taka, wanavuka lami kuelekea kwenye ngazi. Wa mwisho alikuwa amejifunga kilemba. Alikuwa ameinamia upande mmoja.

"Mama!"

Sauti yangu sikuijua. Darasa zima likadhani ndiyo ruhusa iliyokuwa inasubiriwa, wote wakapokea: Mama! Mama! Mama! Roshani nzima ikawa inaita. Yule mwanamke akasimama kwenye ngazi. Akageuka, akaweka mkono usoni kuzuia jua, akatuona. Akapunga mkono.

Halafu akaingia ndani ya ndege.

Zuhura ananikumbatia, wenzangu wanarukaruka, mwalimu wa fimbo anasema nyamazeni, nyamazeni. Mwalimu Leokadia alikuwa ananiangalia mie, haangalii ndege. Nadhani ni pale alipoanza kuelewa kwamba ovaroli si skafu, na kwamba kuna kitu katika zile sentensi tano alikipita bila kukiona.

Ikaamriwa tujipange, tuteremke. Mie sikutoka. Nikalishika lile bomba la moto kwa mikono miwili. Mwalimu wa fimbo akaja kunibandua vidole kimoja kimoja, nikibanduliwa hiki narudisha kile.

"Hajashuka! Bado hajashuka!"

"Twende, mtoto, wenzako wanasubiri."

"Akimaliza kazi anashuka! Si huyo yupo? Anamalizia!"

Mwalimu Leokadia akamshika yule mwenzake bega. "Wewe tangulia nao," akamwambia. "Mimi nitakuja na huyu." Yule akaguna, lakini akaondoka nao. Nikasikia mstari unateremka ngazi, unapotea, na sauti ya Zuhura inasikika mpaka mwisho ikimsimulia mlinzi.

Tukabaki wawili. Mwalimu akavua viatu, akakaa chini kwenye sakafu ya roshani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu wa nyumbani. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinatoka damu. Nikampa kipande changu cha muhogo. Cha mama nikakiacha kwenye gazeti.

"Mwanaidi, nani alikwambia mama anafanya kazi kwenye ndege?"

"Mama mdogo."

"Na huyu mama, anarudi nyumbani kulala?"

"Hawamruhusu."

Akala muhogo wake taratibu. Mtu mzima mwingine angenieleza palepale, na nadhani alijaribu, kwa sababu alifungua mdomo mara kadhaa akaufunga. Mwisho akasema, "Basi tusubiri washuke."

Walishuka wakiwa wamebeba mifuko imejaa. Mwalimu akasimama peku, akamwita yule mzee wa funguo, wakanong'ona kando. Mzee akateremka. Nikamwona chini anamfuata yule mwenye kilemba, anamwonyesha roshani kwa kidevu. Akaja. Akapandishwa mpaka kwetu, ananuka sabuni, jasho linamtiririka shingoni. Alikuwa msichana. Alikuwa na pengo mbele, na mguu mmoja mfupi kidogo, ndiyo maana alikuwa anainama.

Hakuwa mama yangu. Nililijua hilo kabla hajafika juu, lakini nilimwacha amalize ngazi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ndio wewe uliyekuwa unaita?" Akachuchumaa mbele yangu. "Mie sijazaa bado. Nimepunga tu, nimeona watoto wanaita."

Sikulia. Nilikuwa na swali moja tu. "Mama yangu umemwona humo ndani?"

Akamwangalia mwalimu. Mwalimu akaangalia pembeni. Yule dada akaufuta uso wake kwa mkono wa ovaroli, akanijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima mwenzake.

"Humo ndani hamna mtu. Tumefagia toka mbele mpaka nyuma, tumeinua kila kiti. Hamna mtu, mama."

Nilimpa ule muhogo. Akakataa, nikamshikisha, akaupokea kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa miguu, mwalimu ameshika viatu vyake mkononi, anatembea peku kwenye mchanga wa kando ya barabara. Ndege moja ikapita juu yetu. Nikainua mkono kwa mazoea, halafu nikaushusha. Nilikuwa namwazia yule dada akiinua viti. Mahali pote nilipokuwa nimempangia mama, jiko lake, feni yake, mashuka yake ya kufua, palikuwa pameshafagiwa.

Hakunipeleka shule, alinipeleka moja kwa moja nyumbani. Mama mdogo alikuwa kibarazani anachambua mchele. Alipomwona mwalimu peku na mie nimenyamaza, akaweka ungo chini.

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Naomba maji ya kunywa."

Nikaambiwa niingie ndani. Chumba kimoja kina pazia tu, kila kitu nilikisikia. Mwalimu alisimulia kwa sauti ya chini, wimbo wote wa Bukoba umemtoka. Kisha mama mdogo:

"Ningemwambia nini, Mwalimu? Nimwambie simu yake haipatikani toka mfungo uliopita? Nimwambie wamemfungia pasi yake ya kusafiria kabatini, hatoki hata dukani? Mie mwenyewe ndio ningelia, na nikianza kulia nani ataamka kuchemsha supu?"

"Sikulaumu."

"Nilikuwa nataka nilale. Wallahi, siku ile nilikuwa nataka nilale tu kidogo."

Halafu nikasikia mama mdogo analia, na mwalimu anasema, pole, pole mdogo wangu. Mpaka siku hiyo sikuwahi kumfikiria mama mdogo kama mdogo wa mtu. Alipoingia ndani macho yalikuwa mekundu. Akanikalisha mkekani akaniambia yote, polepole, kwa maneno ambayo mtoto anayaelewa. Kuna nchi inaitwa Omani. Kuna nyumba, kuna ghorofa, kuna watoto wa watu ambao mama anawaogesha. Anataka kurudi. Hajaweza kurudi. Nikamuuliza kama kule kuna ndege inayopita juu ya hiyo nyumba. Akasema hajui.

Jambo lililonichosha kuliko yote lilikuja kesho yake. Nilikwenda shule nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Zuhura alikuwa ameshaeneza habari mpaka darasa la tano: mama yake Mwanaidi yupo, tumemwona, ametupungia mkono. Walinipisha kwenye bomba la maji. Watoto walitaka kujua ndani ya ndege kukoje, naye anarudi lini tena. Darasa zima lilikuwa limemwona mama yangu isipokuwa mimi. Nikamwangalia Mwalimu Leokadia. Alikuwa ameegemea ukuta wake karibu na dirisha, amevaa kandambili, bandeji imezunguka vidole. Akafumba macho kidogo, akafumbua. Akasema, "Haya, tufungue ukurasa wa reli." Tukasoma reli.

Hakulitaja tena, si darasani wala ofisini. Ila tangu hapo, ukifika muda wa kazi za mikono, alikuwa ananiweka karibu na meza yake. Nilikuwa nafinyanga watu, nawapanga dirishani wakauke. Alipohamishwa shule mwaka uliofuata hakuna aliyetuambia, tulikuta mwalimu mwingine tu amesimama mbele.

Mama alirudi. Watu wengi wanaosimulia mambo haya wanaishia pabaya, sie tulibahatika. Kuna watu wa kwao Masasi walihangaika na ofisi za kule na za huku, mambo ambayo sikuelezwa hata nilipokua. Alikuja na bajaji mchana wakati nipo shuleni. Nilirudi nikakuta mlango umefungwa nusu na mama mdogo kasimama nje kama mlinzi, ananiambia kwa mikono nitembee taratibu. Ndani kulikuwa na mwanamke mwembamba amelala mkekani, amejikunja, baibui hajalivua.

Nilikuwa nimengoja miaka. Nilikuwa na mambo ya kumwambia ya kujaza bahari. Alilala. Alilala siku ile, na iliyofuata, akawa anaamka kula na kuswali na kurudi kulala, na kila akiamka ghafla alikuwa anasimama wima, anatafuta ufagio kwa macho kabla hajajua yuko wapi. Mama mdogo akimgusa anamwambia, "Dada, ni kwetu. Kaa." Mie nilikuwa nakaa pembeni namwangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni. Nilimkasirikia. Nilidhani hanitaki. Mtoto hajui kwamba kuna uchovu wa namna ile, usioisha kwa usiku mmoja. Mie nilikuja kuujua nikiwa na mtoto wangu, na kazi yangu ina saa ya kurudi nyumbani.

Alasiri moja nikarudi kutoka shule, nikamkuta ameketi kibarazani, amevaa kanga za mama mdogo, kichana mkononi na kopo la mafuta ya nazi pembeni. Akanitazama kichwa.

"Uko darasa la ngapi sasa?" akaniuliza.

"La nne, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. "Kaa hapa," akasema. "Nikusuke."

Nikakaa chini katikati ya magoti yake. Akanigawa nywele, akaanza kunisuka twende kilioni, mistari ya kwenda nyuma. Mikono yake ilikuwa migumu, yenye makovu ya pasi, na ilikuwa inavuta kwa nguvu mpaka macho yananitoka machozi. Sikusema inauma. Akamaliza mstari wa kwanza, wa pili, akafika katikati ya kichwa, na hapo mkono ukapungua kasi. Ukasimama. Nikasikia pumzi yake juu ya kichwa changu, ndefu, nzito.

Nikajua amelala. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi na shingo nimeiinamisha vibaya. Watoto wakapita wakaniita tucheze rede, sikuwajibu. Kivuli cha nyumba kikajaa uani, akina mama wakaanza kuwasha majiko. Mama mdogo akarudi kutoka sokoni na kikapu, akatukuta.

"Mbona nusu kichwa?" akauliza.

Nikaweka kidole mdomoni mwangu. Sikuweza kumgeukia, kwa sababu vidole vya mama vilikuwa bado vimeshika nywele zangu.